Laptopu Ikifa, Data Zake Huokolewaje?

Kompyuta mpakato, au laptopu kama wengi wanavyoiita, ikifa, mara nyingi diski yake haifi pamoja nayo. Kinachoharibika kwa kawaida ni chaja, tundu la chaja, betri, kioo, au ubao mkuu wa saketi uliounguzwa na umeme uliokatika na kurudi kwa nguvu. Hesabu za duka, picha za harusi na tasnifu iliyobakiza sura moja havikai katika vifaa hivyo. Vinakaa kwenye diski kuu, na diski kuu inaweza kuchomolewa ikasomwa na kompyuta nyingine. Kwa hiyo kabla ya kukata tamaa, na kabla ya kumlipa mtu yeyote, inafaa kujua ni kipi hasa kilichokufa. Mara nyingi data hazipotei siku ya hitilafu. Hupotea kesho yake, pale mwenye laptopu anapoiwasha kwa mara ya ishirini akitumaini itaamka, au fundi anapopiga Windows mpya bila kuuliza kilichomo.

Aina mbili za diski

Diski za laptopu ziko za namna mbili, na kila moja ina maradhi yake. Ya kwanza ni diski ya sumaku. Ukoo wake ulianza mwaka 1956, kampuni ya IBM ya Marekani ilipotoa mashine ya RAMAC, ambayo diski yake ilikuwa na sahani 50 zenye kipenyo cha inchi 24 na bado ikabeba takribani megabaiti 5 tu. Picha moja ya simu ya leo inaweza kuijaza. Diski ya laptopu hutajwa kwa ukubwa wa inchi 2.5, na unene wake kwa kawaida ni milimita 7 au 9.5. Ndani mna sahani za kioo au aluminiamu zilizopakwa utando mwembamba wa sumaku, zikizunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu ya kila uso wa sahani hupita kichwa kidogo cha kusomea na kuandikia. Kichwa hicho hakigusi sahani. Huelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache, ilhali unene wa unywele mmoja wa binadamu ni makumi ya maelfu ya nanomita. Chembe ya vumbi ikiingia hapo ni kubwa mno, na kichwa kikigusa sahani inayozunguka huuchuna utando wenyewe, yaani data zenyewe.

Ya pili ni SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka. Data zake huhifadhiwa kama chaji za umeme ndani ya chipu za aina ya NAND, teknolojia iliyobuniwa na Mjapani Fujio Masuoka akiwa Toshiba katika miaka ya 1980. SSD nyingine zina umbo lile lile la diski ya inchi 2.5. Nyingine, zinazoitwa M.2, ni ubao mwembamba ambao mara nyingi una upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80. Katika laptopu nyingine, hasa za Apple za miaka ya karibuni, chipu za kuhifadhia data zimechomelewa moja kwa moja kwenye ubao mkuu, na hapo hakuna cha kuchomoa.

Diski ya sumaku ikianza kuugua hutoa dalili: inapunguza kasi, inagonga, inakwaruza. SSD inaweza kufanya kazi vizuri jioni na asubuhi isionekane kabisa. Ndiyo sababu ni kosa kudhani kwamba mwenye SSD amesalimika na hahitaji nakala ya akiba.

Kuutambua ugonjwa

Utambuzi unaanza kwa macho na masikio, si kwa bisibisi. Laptopu ikiwaka taa, feni ikazunguka, lakini kioo kikabaki cheusi, jambo la kwanza ni kuiunganisha na runinga au monita kwa waya wa HDMI. Picha ikitokea huko, kilichokufa ni kioo peke yake, na kazi yote ya uokoaji ni kuchomeka diski ya nje na kunakili. Wako watu waliolipia “kurudishiwa data” ambazo hazikuwa zimeenda popote.

Laptopu isipoonyesha dalili yoyote ya uhai, hata kwa chaja nyingine iliyothibitishwa kuwa nzima, lawama huangukia kwenye saketi ya umeme au ubao mkuu, na diski huenda ni salama. Ikiwaka na kuandika kwamba haioni diski ya kuanzia, hatua inayofuata ni kuingia kwenye BIOS, yale mazingira ya mipangilio yanayofunguliwa kwa kubonyeza F2, F10, Esc au Delete mara tu mashine inapowashwa, kutegemea kampuni iliyoitengeneza. Jina la diski na ukubwa wake yakionekana humo, kuna matumaini: huenda mfumo endeshi ndio ulioharibika. Yasipoonekana, yawezekana diski imelegea kwenye soketi yake, au imekufa.

Dalili zinazotakiwa kumfanya mtu aondoe mkono mara moja ni za sauti. Mlio wa kugonga wa “tik, tik, tik” unaojirudia kwa mpangilio una maana kwamba vichwa vinatafuta alama zao kwenye sahani na kuzikosa. Mlio mwembamba unaokatika-katika, bila sahani kuzunguka, mara nyingi ni wa mota iliyokwama au vichwa vilivyonata juu ya sahani. Sauti ya kukwaruza ndiyo mbaya kuliko zote. Katika hali hizi tatu, kila sekunde ya umeme inaongeza uharibifu, na hakuna programu ya kompyuta inayotibu chuma kilichopinda.

Laptopu inayowaka lakini Windows haipandi

Hili ndilo tatizo jepesi, na ndilo linaloongoza kwa kuharibiwa na haraka. Mashine inawaka, inajaribu kupandisha Windows, inazunguka pale pale au inatoa kioo cha buluu. Suluhisho ambalo vibanda vingi hukimbilia ni kusakinisha mfumo mpya, jambo linaloandika gigabaiti nyingi juu ya diski ile ile yenye data zinazotakiwa kuokolewa.

Njia ya busara ni kuiwasha laptopu kwa mfumo mwingine ulio nje ya diski. Linux ya aina ya Ubuntu, ambayo ni ya bure, huandaliwa kwenye flashi kwa kutumia kompyuta nyingine. Laptopu inawashwa kutoka kwenye flashi hiyo, na anayeitumia anachagua kuijaribu bila kuisakinisha. Baada ya dakika chache diski ya ndani inaonekana kama folda ya kawaida, na mafaili yanaweza kuhamishiwa kwenye diski ya nje. Wakati mwingine Linux hukataa kuandika chochote kwenye diski ya Windows kwa sababu Windows haikuzimwa kikamilifu, na huifungua kwa kusoma tu. Hakuna ubaya, maana kinachotakiwa ni kusoma tu.

Kuchomoa diski na kuisoma kwingine

Laptopu isipowaka kabisa, diski hutolewa. Chaja huchomolewa kwanza, na betri pia kama inatoka kwa nje. Katika laptopu za zamani kuna kifuniko kidogo chini ya mashine kilichoshikwa na skrubu moja au mbili, na diski iko nyuma yake. Katika nyingi za sasa hufunguliwa kifuniko chote cha chini. Skrubu zake hazilingani urefu, na ya nyuma iliyo ndefu ikirudishwa mbele inaweza kutoboa sehemu ya kuwekea mikono, kwa hiyo mafundi waangalifu huzipanga juu ya karatasi kwa mchoro wa zilikotoka. Kabla ya kugusa chochote ndani, waya wa betri huchomolewa kwenye ubao, na mkono hugusa chuma kilichounganishwa na ardhi ili umemetuli uishie huko badala ya kuishia kwenye chipu.

Diski ya inchi 2.5 huwa imelala ndani ya fremu ya chuma, na upande mmoja ina safu mbili za mistari ya rangi ya dhahabu: fupi yenye pini 7 kwa ajili ya data, na ndefu yenye pini 15 kwa ajili ya umeme. Huo ndio muunganisho wa SATA. Hutolewa kwa kuivuta mlalo, si kwa kuinyanyua, maana kuinyanyua huvunja plastiki nyembamba inayobeba pini hizo. M.2 ni rahisi zaidi: ina skrubu moja mwishoni, na ikifunguliwa ubao wenyewe hujiinua kidogo, ukavutwa kwa pembe hiyo hiyo.

Kinachofuata ni adapta au kasha la USB, kifaa cha bei ya chini kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi. Diski ya inchi 2.5 inatumia umeme wa volti 5, hivyo mlango wa USB kwa kawaida unaitosheleza. Ile kubwa ya inchi 3.5 ya kompyuta ya mezani inahitaji na volti 12, kwa hiyo adapta yake lazima iwe na chaja yake. Kwa M.2 inafaa kutazama pengo lililo kwenye ukingo wenye pini. Zenye mapengo mawili kwa kawaida ni za SATA. Zenye pengo moja upande wa kulia mara nyingi ni za NVMe, na adapta ya moja haisomi nyingine isipokuwa imeandikwa wazi kwamba inakubali zote mbili. Wengi wametangaziwa kwamba diski yao imekufa kwa sababu tu iliwekwa kwenye adapta isiyo yake.

Diski ikishasomeka, mafaili ya Windows hutafutwa ndani ya folda ya Users, kisha folda yenye jina la mwenye mashine. Humo mna Desktop, Documents, Pictures na Downloads. Windows ya kompyuta nyingine inaweza kusema kwamba mtumiaji hana ruhusa. Akiwa ni msimamizi wa kompyuta hiyo, atabonyeza kuendelea na kusubiri. Folda ya AppData, ambayo huwa imefichwa, ndiyo inayobeba alamisho za kivinjari na mipangilio ya programu nyingi. Barua pepe za Outlook huwa aidha humo au kwenye folda ya Documents. Programu zenyewe hazihamishwi kwa kunakili, husakinishwa upya. Jambo jingine: kwa watumiaji wengi wa Windows ya sasa, Desktop na Documents huwa zimehamishiwa ndani ya folda ya OneDrive bila wao kujua. Kuingia kwenye akaunti ya Microsoft kwa simu kabla ya kufungua skrubu hata moja kunaweza kuonyesha kwamba kila kitu kiko mtandaoni.

Mara nyingine, badala ya folda, kompyuta huleta ujumbe wa kutaka diski ifomatiwe kabla ya kutumika. Jibu ni hapana, daima. Ujumbe huo una maana kwamba kompyuta haielewi mpangilio wa diski. Haina maana kwamba diski ni tupu.

Ufunguo uliosahaulika

Diski inaweza kuwa nzima, adapta ikawa sahihi, na bado data zisisomeke kwa sababu zimesimbwa. Windows hutumia BitLocker, au toleo lake jepesi linalojiwasha lenyewe mtumiaji anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na tangu toleo la Windows 11 la mwishoni mwa 2024 jambo hilo limezidi kuenea kwenye mashine mpya. Diski ya namna hiyo ikihamishiwa kompyuta nyingine huomba ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye laptopu, na kwa mashine za ofisi huwa mikononi mwa idara ya kompyuta. Ukikosekana kote huko, hakuna fundi atakayeufungua, na anayedai kwamba anaweza kwa malipo ya awali hafai kuaminiwa.

Kwa Mac mambo ni magumu zaidi. Zile zenye chipu ya T2, zilizoenea kuanzia 2018, na zote zenye chipu za Apple zenyewe kuanzia 2020, husimba data kwa ufunguo uliofungamanishwa na chipu iliyo kwenye ubao. Hata chipu za data zikitolewa kwa ustadi na kusomwa, kinachopatikana ni vurugu. Njia iliyobaki ni kuutengeneza ubao ule ule kiasi cha kuwaka, mwenyewe akaandika neno lake la siri, na data zikanakiliwa. Kazi hiyo ni ya mafundi wa saketi wenye hadubini, ambao ni wachache.

Mafaili yaliyofutwa na diski iliyofomatiwa

Windows hupanga mafaili kwa mfumo wa NTFS, ambao una jedwali kuu linalotaja kila faili, ukubwa wake na mahali lilipo, kama ukurasa wa yaliyomo mwanzoni mwa kitabu. Faili likifutwa, kinachobadilika ni jedwali: nafasi ya faili huandikwa kuwa iko huru. Maandishi yenyewe hubaki palepale hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Kufomati kwa haraka nako huunda jedwali jipya tupu na kuacha sehemu kubwa ya diski bila kuguswa. Kwa diski ya sumaku, basi, mtu aliyefuta folda kwa bahati mbaya na kuzima kompyuta hapo hapo ana nafasi nzuri. Aliyeendelea kuangalia filamu mtandaoni kwa wiki nzima ana nafasi finyu, kwa kuwa kivinjari huandika kwenye diski muda wote. Na aliyepakua programu ya kurudisha data na kuisakinisha kwenye diski ile ile huenda ameizika data kwa koleo alilolileta kuifukua.

Kuna programu nyingi za kulipia, lakini mbili za bure zinazoheshimiwa na mafundi ni TestDisk na PhotoRec, zote za Mfaransa Christophe Grenier. TestDisk hushughulikia mpangilio: hutafuta sehemu za diski zilizopotea na kuzirudisha, au huonyesha mafaili yaliyofutwa pamoja na majina yake. PhotoRec haijali jedwali kabisa. Husoma diski tangu mwanzo hadi mwisho ikitafuta alama za mwanzo wa mafaili. Picha ya JPEG, kwa mfano, huanza kwa baiti FF D8 FF, PDF huanza kwa herufi %PDF, na nyaraka mpya za Word, ambazo kwa ndani ni za ZIP, huanza kwa PK. Faida yake ni kwamba hufanya kazi hata jedwali likiwa limeteketea. Hasara yake ni kwamba majina na folda hupotea, na anayeitumia hubaki na maelfu ya mafaili yenye majina ya namba, akilazimika kuyafungua moja moja. Faili lililohifadhiwa vipande vipande sehemu mbalimbali za diski hutoka likiwa limekatika.

Kwa SSD habari ni nyingine. Mfumo endeshi, tangu Windows 7 ya 2009, huiambia SSD ni nafasi zipi zimeachwa huru kwa amri inayoitwa TRIM, na SSD huzisafisha yenyewe ili iandike haraka baadaye. Kwa kawaida, faili lililofutwa kwenye SSD ya laptopu husomeka kama sufuri tupu muda mfupi baadaye. Kuzima mashine papo hapo kunaweza kusaidia mara chache. Hapa nakala ya akiba ndiyo tegemeo, na programu zinazotangaza kurudisha “kila kitu” kutoka SSD hazina msingi.

Diski inayokufa polepole

Sahani za diski zimegawanywa katika sekta za baiti 512 au 4,096. Sekta zikianza kuchakaa, kompyuta hujaribu kusoma moja mara nyingi kabla ya kukubali kushindwa, na ndiyo maana laptopu huganda dakika nzima kwa kufungua barua moja. Diski huweka kumbukumbu za afya yake zinazoitwa SMART, na programu kama CrystalDiskInfo huzionyesha. Vipengele vya kutazama ni namba 5, ambacho huhesabu sekta zilizokwisha kuhamishwa, 197, ambacho huhesabu zinazosubiri kuamuliwa, na 198, zilizoshindikana kusomeka. Namba 197 ikipanda siku hadi siku, diski hiyo inaelekea kaburini.

Kosa kubwa hapa ni kuendesha chkdsk, kifaa cha Windows cha kurekebisha diski. Chkdsk hulenga kuufanya mpangilio wa diski ukae sawa, na katika kufanya hivyo huweza kukata uhusiano wa mafaili isiyoweza kuyasoma vizuri. Juu ya hayo, huifanyisha diski mgonjwa kazi ya saa nyingi bila kunakili hata faili moja. Kunakili kwa kuburuta folda nako kuna shida, kwani huenda kukakwama kwenye faili la kwanza lenye sekta mbovu huku vichwa vikiendelea kuchoka.

Wataalamu hufanya kinyume: huinakili diski nzima kwanza, sekta kwa sekta, kwenye diski nyingine yenye ukubwa sawa au zaidi, kisha hutafuta mafaili kwenye nakala hiyo. Chombo maarufu cha kazi hii ni ddrescue cha mradi wa GNU, kinachopatikana kwenye Linux. Ujanja wake uko kwenye mpangilio wa kusoma. Mzunguko wa kwanza huchukua yote yanayosomeka kwa urahisi na kuruka yanayogoma. Mizunguko inayofuata hurudi kwenye sehemu zilizorukwa na kuzipunguza kidogo kidogo. Kila hatua huandikwa kwenye faili la ramani, hivyo umeme ukikatika, au diski ikihitaji kupoa, kazi huendelea pale ilipoishia. Inaweza kuchukua saa kadhaa au siku kadhaa. Tahadhari ni moja, na haina msamaha: anayeandika amri hiyo akigeuza chanzo na mwisho, diski tupu itaandikwa juu ya diski yenye data.

Mambo ya maabara

Vichwa vikivunjika au mota ikikwama, diski lazima ifunguliwe, na haifunguliwi juu ya kaunta ya duka. Maabara hufanya kazi hiyo katika chumba au kabati lenye hewa iliyochujwa; kiwango kinachotajwa sana, ISO 5, kinaruhusu chembe zisizozidi 3,520 za ukubwa wa nusu mikromita au zaidi katika mita moja ya ujazo ya hewa. Vichwa vipya hutolewa kwenye diski nyingine ya modeli ile ile, mara nyingi iliyotengenezwa karibu wakati ule ule, na lengo ni diski izunguke kwa muda wa kutosha kunakiliwa, basi. Hairudi kazini.

Ubao wa saketi ulio mgongoni mwa diski nao huungua, hasa kwa adapta mbovu au umeme uliozidi. Zamani ilitosha kuubadilisha na wa diski inayofanana. Diski za sasa huhifadhi kwenye chipu ndogo ya ubao huo vipimo vinavyohusu vichwa vya diski hiyo peke yake, kwa hiyo chipu lazima ihamishwe kutoka ubao wa zamani kwenda mpya. Ubao mpya usio na chipu ya zamani unaweza hata kuidhuru diski.

Kuna dawa za mitaani zinazostahili kuachwa. Kuiweka diski kwenye friza huleta umande juu ya sahani pindi inapotoka, na vichwa hupita juu ya maji. Kuigonga mezani ili “iamke” hakuhitaji maelezo. Kufukia laptopu iliyomwagikiwa chai ndani ya mchele hakuondoi sukari iliyobaki kwenye saketi. Iliyolowa haiwashwi, na betri yake hutolewa upesi. Diski ya sumaku iliyozama kwenye mafuriko au maji ya bahari ina tundu dogo la kupumulia ambalo maji huweza kupitia. Maabara hupendelea kuipokea ikiwa bado na unyevu ndani ya mfuko uliofungwa, kwa sababu maji yakikauka huacha chumvi na tope juu ya sahani.

Kwamba diski inaweza kustahimili mengi kulidhihirika kwa chombo cha anga cha Columbia, kilichosambaratika angani tarehe 1 Februari 2003 kikirejea duniani. Kati ya mabaki yaliyookotwa ilikuwamo diski ya jaribio la kisayansi lililohusu gesi ya zenoni, ikiwa imeungua na plastiki yake imeyeyuka. Wataalamu wa kampuni ya Ontrack huko Minnesota walizisafisha sahani, wakaziweka kwenye diski nyingine, na kupata takribani asilimia 99 ya data. Matokeo ya jaribio yalichapishwa mwaka 2008. Bahati ilichangia: kompyuta ya jaribio ilitumia mfumo wa DOS, ambao uliziweka data kwa mfululizo badala ya kuzitawanya, na uharibifu uliangukia sehemu ambazo hazikuwa na kitu.

Kumkabidhi fundi

Diski inayogonga, iliyolowa au yenye data zisizo na mbadala ni ya mtaalamu. Kabla ya kuiacha, mwenye data anapaswa kupata majibu ya maswali machache: je, fundi atatengeneza nakala ya diski kwanza au atafanya kazi moja kwa moja kwenye diski yenyewe? Data zitakazopatikana zitawekwa wapi? Atalipwa kiasi gani akishindwa? Maabara nyingi huorodhesha mafaili yanayoweza kupatikana kabla ya mteja kulipa. Fundi asiyekuwa na jibu kwa swali la kwanza ni wa kushukuriwa na kuachwa.

Suala la siri si la kupuuzwa pia. Diski hubeba vitambulisho, picha za familia, vyeti vya hospitali na maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na inayosimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Chini ya sheria hizi, kushika taarifa za watu kunaambatana na wajibu, na maandishi mafupi ya makabidhiano, yenye namba ya diski na sahihi za pande mbili, yana uzito kuliko ahadi ya mdomo.

Baada ya data kupatikana

Faili lililopo kwenye orodha si lazima liwe zima. Picha zinaweza kuonekana vizuri zikiwa ndogo, kisha zikifunguliwa nusu ya chini ikawa ya kijivu; nyaraka zinaweza kuwa na ukubwa wa sufuri. Kwa hiyo mafaili muhimu hufunguliwa moja moja kabla ya kumlipa fundi malipo ya mwisho, na kabla diski ya zamani haijaguswa tena. Kisha huwekwa mahali pawili tofauti, mfano diski ya nje inayokaa nyumbani na akaunti ya mtandaoni. Nakala iliyo kwenye laptopu peke yake ni ile ile iliyopotea mara ya kwanza.

Diski iliyoonyesha sekta mbovu haiuzwi wala haigawiwi, hata ikionekana kupona. Iliyo nzima, kama ni ya sumaku, huandikwa sufuri juu yake yote mara moja, na hilo linatosha kwa diski za kisasa; SSD hufutwa kwa amri yake maalumu ya usalama, inayopatikana kwenye programu ya mtengenezaji au kwenye BIOS. Isiyosomeka tena huvunjwa. Sahani za diski nyingi za laptopu ni za kioo, hupasuka vipande vipande kwa pigo moja la nyundo, na anayefanya kazi hiyo avae miwani ya kinga.